Kufunga vifaa kwenye pikipiki ya safari ndefu: mwongozo kwa wanaotokea Lubumbashi

Nilikuwa nimeiacha Likasi nyuma, naelekea Kolwezi, niliposikia chuma kinakwaruza nyuma ya mguu wangu wa kushoto. Nikasimama pembeni, malori yaliyosheheni shaba yakinipita na kunimwagia vumbi. Keria ya kushoto, au portibagaji kama tunavyoiita hapa, ilikuwa imekatika kando kidogo ya mahali ilipochomelewa, na sanduku lilikuwa limeinama hadi pembe yake ikagusa tairi. Kwenye ubavu wa tairi palikuwa na mstari mwembamba, mweusi, unaong'aa kama umepigwa kiwi. Kilomita chache zaidi na lingepasuka.

Sanduku lenyewe lilikuwa zima. Ningeifungua keria, nikaifunga na sanduku lake juu ya kiti kwa kamba, nikaendelea taratibu. Lakini bolti ya juu ilikuwa ya kichwa chenye tundu la pembe sita, namba 6, na kle yake, yaani ufunguo wa kuifungulia, nilikuwa nimeiacha nyumbani Lubumbashi, mtaa wa Kampemba, juu ya meza. Nilikaa pale zaidi ya saa mbili mpaka dereva mmoja wa lori aliposimama na kufungua boksi lake la zana.

Tangu siku ile nina sharti moja ambalo nakuomba nawe ulishike katika kila hatua hapa chini: usifunge kwenye pikipiki kitu ambacho huwezi kukifungua peke yako, kando ya barabara, kwa zana ulizobeba. Uzuri wa kifaa na bei yake vinakuja baada ya hapo.

Nitatumia pikipiki yangu kama mfano, Yamaha XT660Z Ténéré, iliyokuja kwetu ikiwa imeshatumika. Kama una TVS au Haojue ndogo, hatua ni zile zile. Kinachobadilika ni kiasi cha mzigo na cha umeme.

Hatua ya 1: Andika safari kabla ya kuandika manunuzi

Chukua karatasi. Andika unakwenda wapi, mwezi gani, kilomita ngapi kwa siku, lami au udongo, peke yako au na mtu nyuma.

Hapa kwetu mwezi unabadilisha mambo mengi. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua inanyesha kwa nguvu, na njia ya udongo inaweza kuwa tope asubuhi moja tu. Mei hadi Septemba ni kiangazi: vumbi jekundu linaingia hata ndani ya mfuko uliofungwa zipu, na asubuhi za Juni na Julai, kwa kuwa mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, vidole vinaganda kwenye klachi kabla hujatoka mjini. Anayesafiri Juni anahitaji kinga za mikono zinazozuia upepo. Anayesafiri Januari anahitaji mifuko isiyopitisha maji na tairi lenye meno. Ukinunua vyote viwili kwa safari moja, kimoja umekibeba bure.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoninyima jerikani ya esansi, yaani petroli, ya pembeni, ile inayopendeza kwenye picha. Lubumbashi hadi Kolwezi ni kama kilomita 300. Tangi langu ni lita 23, na pikipiki inakunywa kama lita 5 kwa kilomita 100. Nafika na akiba. Mwenye tangi la lita 11 au 12 na pikipiki ndogo naye anafika, kwa sababu injini yake inakunywa kidogo kuliko yangu. Kama njia yako kweli inahitaji esansi ya ziada, tumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya esansi, kikae mbali na ekzosi, na ukimimine kwenye tangi mapema, mara tu tangi linapokuwa na nafasi. Kidumu cha maji ya kunywa au cha mafuta ya kupikia si chombo cha esansi.

Hatua ya 2: Jua pikipiki inaweza kubeba nini

Kuna uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani pikipiki, esansi, watu na mizigo kwa pamoja. Umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibao kidogo kilichobandikwa kwenye fremu karibu na shingo ya usukani. Toa uzito wa pikipiki ikiwa na tangi lililojaa. Kinachobaki ndicho chako.

Tuseme kibao kinasema kilo 390 na pikipiki ni 210. Umebaki na 180. Wewe na nguo za safari, kaske (kofia ngumu) na buti, kilo 85. Mtu wa nyuma 65. Zimebaki 30. Sasa masanduku mawili ya aluminiamu pamoja na keria zake, yakiwa matupu, yanaweza kukaribia kilo 15. Nusu ya haki yako imeisha na hujaweka hata shati. Mifuko laini ya pembeni, ya turubai nene au plastiki ya kuunganishwa kwa joto, haifiki nusu ya uzito huo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi. Kwenye pikipiki mzigo huo unaubeba wewe, na breki zako, na springi yako ya nyuma. Pima kwa mizani. Kama huna, muuza makala (makaa) au muuza unga wa mtaani anayo. Mwombe dakika tano.

Hatua ya 3: Kinga kwanza

Watu wengi huanza na taa. Mimi nasema anza na vile vitakavyokuwezesha kufika nyumbani baada ya kuanguka, kwa sababu kwenye udongo utaanguka, hata ukiwa umesimama.

Vitu vitatu vinatosha: bomba za kukinga injini pande zote mbili, sahani ya chini ya injini, na kinga za mikono zenye chuma ndani kinachofungwa ncha zote mbili. Kinga ya plastiki tupu inakata upepo lakini hailindi kishikio cha klachi. Kishikio kikivunjika, safari imeisha.

Unapochagua bomba za kukinga injini, angalia zinashikwa wapi. Ziwe zimefungwa kwenye fremu au kwenye bolti kubwa za kushikilia injini, si kwenye vishikio vyembamba vya rejeta ya maji. Bomba lililoshikwa na kishikio chembamba litapeleka kishindo chote pale pale ulipotaka kupakinga. Fungua bolti moja, pitisha bomba, rudisha bolti kwa mkono tu, hamia ya pili. Usifungue bolti zote za injini kwa mpigo. Zikishaingia zote, ndipo uzikaze moja moja.

Ukimaliza, geuza usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, na usikilize. Waya wa klachi usivutwe. Kinga ya mkono isiguse tangi wala kioo cha upepo. Kisha washa injini na urudie: mzunguko wa injini ukipanda wakati unageuza usukani, waya wa esansi umebanwa. Usiondoke nyumbani hivyo.

Hatua ya 4: Keria na masanduku

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa.

Keria yangu iliyokatika ilitengenezwa kwa nondo. Niliipeleka Katuba kwa mzee mmoja anayechomelea vitanda na milango ya chuma, nikamwambia: "Papa, naomba unitengenezee nyingine, hii mchomo wake ulikuwa mbaya."

Aliigeuza mara mbili, akapitisha ukucha kwenye ufa. "Hapana, mwana yangu. Mchomo ni mzuri. Angalia, umekatikia pembeni yake. Chuma ndicho kibaya. Hii ni nondo ya kujengea nyumba."

Alikuwa sahihi, na nimeliona jambo hilo mara nyingi baadaye kwenye pikipiki za wengine. Nondo nyingi zina ugumu unaofaa ndani ya zege. Ukizichoma kwa moto mkali na zikapoa haraka, ile sehemu iliyo kando ya mchomo inakuwa kavu, haipindi, na mtikisiko wa barabara unaivunja polepole. Bomba la chuma laini, lenye upana wa milimita 16 hadi 18 na unene wa milimita 2, ni jepesi kuliko nondo na linavumilia zaidi. Mwombe fundi akuonyeshe bomba kabla hajalikata. Mtu anayelipia kazi ana haki ya kuiona malighafi.

Umbo nalo lina neno. Kila keria ya pembeni ishikwe sehemu tatu: mbili kwenye fremu ya nyuma, moja chini karibu na kikanyagio cha abiria. Kisha keria ya kushoto na ya kulia ziunganishwe kwa bomba moja linalopita nyuma, chini ya kibao cha namba. Bila bomba hilo kila upande unapigapiga kama mlango usio na komeo. Ukiliweka, pande mbili zinashikana. Kama mfuko hauruhusu kazi nyingine, omba hilo tu.

Mambo ya kumsimamia fundi wa kuchomelea:

Asichomelee chochote moja kwa moja kwenye fremu. Kila kitu kishikwe kwa bolti. Na kazi kubwa ya kuchomelea ifanyike keria ikiwa imetolewa kwenye pikipiki. Kama ni lazima kushikiza kidogo ikiwa mahali pake ili vipimo vikae sawa, ondoa kwanza nyaya za betri, hasi kabla ya chanya, na chomoa kompyuta ya injini kama pikipiki yako inapuliza esansi kwa umeme. Funika tangi kwa gunia lililoloweshwa maji. Kishikio cha hasi cha mashine ya kuchomelea kikae kwenye kile chuma kinachochomwa, si upande wa pili wa pikipiki.

Kabla ya mchomo wa mwisho, pima nafasi. Sanduku la upande wa ekzosi liwe mbali na bomba lake kwa upana wa vidole vinne au zaidi. Mfuko laini unahitaji na bamba la chuma la kuzuia joto. Mwambie rafiki mzito akae nyuma na kuibonyeza pikipiki chini kabisa: tairi na mkono wa gurudumu visiguse chochote. Taa za kuonyesha upande zionekane kutoka nyuma na kutoka pembeni. Na upana wa masanduku yote mawili usipite upana wa usukani. Ukifuata kanuni hiyo, penye nafasi ya mikono yako patakuwa na nafasi ya masanduku, na kati ya malori mawili yaliyosimama kwenye peaje, penye kulipia barabara, hilo ndilo jambo utakalotaka kulijua bila kugeuka.

Bolti: tumia M8 kwenye keria, na nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Pale bolti inapoingia moja kwa moja kwenye chuma bila nati, tia tone la gundi ya nyuzi ya bluu. Ile nyekundu inataka moto ili ifunguke, na moto hutakuwa nao barabarani. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ikiingia kwenye aluminiamu, ipake grisi, la sivyo baada ya mvua mbili tatu zitashikana zisiachane. Kwa mwenye spana ya kupimia nguvu, M8 inakaa kwenye 20 hadi 25 Nm, na M6 kama 10. Asiye nayo atumie spana fupi na mkono mmoja. Spana ndefu ndiyo inayokata bolti.

Sasa rudi kwenye lile sharti. Badilisha bolti zote za vifaa ili ziwe za aina mbili, tatu basi. Mimi sasa kila kitu nilichokiongeza kinafunguka kwa spana namba 10, spana namba 13 na kle ya pembe sita namba 6. Hizo tatu zimefungwa kwa mpira chini ya kiti na hazitoki pale hata nikiwa nyumbani.

Ukishakaza, chukua rangi ya kucha ya dada yako na upige mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukiachana, nati imesogea. Ukaguzi unakuwa wa macho tu, sekunde kumi, hata kabla hujavua kaske.

Upangaji wa mzigo: kizito kikae chini na karibu na wewe. Zana, tyubu na maji viingie chini ya masanduku ya pembeni, upande wa mbele. Nguo juu. Sanduku la juu nyuma ya kiti ndilo linalodanganya watu wengi, kwa sababu linafunguka kirahisi na linabeba chochote. Lakini liko juu na nyuma ya ekseli, na kila kilo ndani yake inanyanyua gurudumu la mbele. Usukani unaanza kutikisika ukifika kilomita 80 kwa saa na mtu anadhani ni tairi. Ndani yake weka koti la mvua na mkate, kilo tano ziwe mwisho, hata kama kiwanda kimeandika zaidi. Pande mbili zilingane kwa uzito. Na karte roze (kadi ya pikipiki), asuransi (bima) na pesa ndogo za njiani visikae kwenye sanduku lolote. Viwe kwenye mfuko wa kifuani, usije ukafungua mali zako zote mbele ya barieri, kwenye kizuizi cha barabarani.

Hatua ya 5: Umeme

Umeme una hesabu moja tu, na mtu yeyote anaiweza: wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40. 40 gawanya kwa 12 ni 3.3. Fyuzi yake, yaani fizibli, ni ya ampea 5. Kwa fyuzi za bapa, ya 5 ni kahawia hafifu, ya 10 nyekundu, ya 15 bluu, ya 20 njano. Fundi akikuwekea ya njano kwenye taa hizo "ili isiungue ungue", mkatalie. Fyuzi ipo ili iungue yenyewe badala ya waya, na waya unapita chini ya tangi la esansi.

Kabla ya kununua kitu, pima betri kwa mita. Pikipiki ikiwa imezimwa tangu jana, betri nzima iliyojaa inaonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8. Injini ikizunguka kama uko safarini, inatakiwa ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Ukishafunga vifaa vyako, viwashe vyote pamoja na taa kubwa, zungusha injini vile vile, upime tena. Ikishuka chini ya 13, unakula betri kuliko unavyoijaza. Zima kimoja kimoja mpaka irudi, na hicho kilichoirudisha hakina nafasi kwenye pikipiki yako. Pikipiki ndogo zina jenereta dogo. Kwao chaja ya simu na taa moja ya ziada inaweza kuwa ndiyo mwisho.

Namna ya kufunga taa za ziada:

Ondoa waya hasi wa betri. Chanya inayokwenda kwenye taa itoke betri moja kwa moja, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye betri. Ikikaa mbali zaidi, kipande kilichotangulia hakina ulinzi. Baada ya fyuzi, waya uingie kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, mguu ulioandikwa 30. Mguu 87 uende kwenye taa. Mguu 85 uende hasi. Mguu 86 upokee umeme mdogo kutoka kwenye waya unaowaka funguo ikigeuzwa, ukipitia kwenye swichi yako. Kwa mpangilio huo taa zinazima zenyewe ukitoa funguo, na swichi haibebi mzigo mkubwa. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha kwa taa hizi.

Usikate wala kumenya waya wa kiwandani kama unaweza kuukwepa. Kwenye pikipiki za kisasa ni hatari zaidi: BMW R 1200 GS, tangu ilipotoka mwaka 2004, ina kompyuta inayosimamia umeme wote, na ikiona mzigo isioujua kwenye njia yake inaikata. Kwa hizo, betri na rilei ndiyo njia.

Pitisha nyaya pale zilipopita za kiwandani, zifungwe kwa vifungo vya plastiki kila baada ya shibiri moja, na kwenye shingo ya usukani zipewe ulegevu. Geuza usukani mwisho hadi mwisho na uangalie tena. Maungio yawe ya kubanwa kwa koleo na kufunikwa kwa kijirija cha plastiki kinachojikaza kikipata joto. Selotepu peke yake inayeyuka gundi Oktoba na kuingiza maji Desemba. Betri irudishwe chanya kwanza, hasi mwisho.

Kulenga taa ni kazi ya watu wawili. Pikipiki ikiwa na mzigo wake wote na wewe umeikalia, isimamishe mita 10 kutoka ukutani usiku. Pima urefu wa taa kubwa kutoka chini, weka alama ukutani, kisha shusha alama sentimita 10. Ukingo wa juu wa mwanga uwe hapo. Watu wengi wanalenga pikipiki ikiwa tupu, halafu mzigo unashusha nyuma na taa inawapiga madereva machoni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Katanga. Sisi tunapita kulia. Ukivuka Kasumbalesa, Zambia wanapita kushoto. Taa nyingi zimetengenezwa ziinuke upande mmoja ili kumulika ukingo wa njia. Pikipiki iliyokuja kutoka nchi ya kushoto inainuka kushoto, yaani kwetu inainuka kwenye macho ya anayekuja. Angalia umbo la mwanga pale ukutani. Ukiona unapanda kushoto, tafuta taa ya upande wa kulia au shusha zaidi. Na ukivuka Zambia na pikipiki ya kwetu, bandika kipande cha selotepu nyeusi kwenye ile sehemu ya kioo inayotoa mwanga unaopanda. Taa za ziada zizimwe kila unapokutana na mtu, huku na kule.

Simu: usiifunge kwenye usukani kwa chuma kitupu. Mwaka 2021 Apple yenyewe iliwaonya wenye iPhone kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera, kwa sababu ndani yake mna sehemu ndogo zinazosogea ili picha itulie. Injini ya silinda moja kama yangu inatikisa kuliko nyingi. Nunua kishikio chenye mipira ya kunyonya mtikisiko, au weka simu mfukoni na usikilize maelekezo kwa sikio moja. Njia ya Kolwezi haina kona nyingi za kukupoteza.

Hatua ya 6: Kioo cha upepo, kiti na mikono

Kioo kirefu si lazima kiwe bora. Ukikaa, macho yako yapite juu ya ukingo wake, usitazame kupitia ndani: vumbi letu linakikwaruza, na jua la saa kumi na moja jioni likikipiga utaona nyeupe tupu. Ukingo ukifika usawa wa pua, umetosha. Ukisikia kaske inapigwa na upepo kama ngoma, simama kidogo kwenye vikanyagio ukiwa mwendoni. Kelele ikiisha, kioo kinakupiga upepo wa kukoroga, kishushe au kipandishe sentimita tatu ujaribu tena.

Kwa kiti, ngozi ya kondoo au mto wa hewa kabla ya kupeleka kiti kikakatwe. Vinatoka, sponji iliyokatwa hairudi.

Hatua ya 7: Irudishe pikipiki kwenye vipimo

Mzigo mpya umebadilisha pikipiki. Springi ya nyuma ikazwe kwa hatua zinazotajwa kwenye kitabu, kisha upime: kutoka ekseli ya nyuma hadi alama juu ya kiti, gurudumu likiwa hewani, halafu ukiwa umekaa na mzigo wote. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya mwendo mzima wa springi. Ikizidi sana, ongeza ukazo au punguza mzigo.

Upepo wa tairi fuata kibandiko kilicho kwenye mkono wa gurudumu la nyuma au kinga ya mnyororo. Kina namba mbili, ya mtu mmoja na ya mzigo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Ulegevu wa mnyororo uangaliwe upya, kwa kuwa nyuma ikishuka mnyororo unajivuta. Mnyororo uliokazwa mno unakula beringi za mbele na za nyuma.

Ténéré ina rimu za spoki zenye tyubu, inchi 21 mbele na 17 nyuma. Kwa dharura, tyubu ya 21 inaweza kuingia nyuma ikakufikisha mjini, kwa hiyo nafasi ikiwa ya moja, beba hiyo. Makwado, yaani mafundi wa tairi, wako wengi kando ya barabara na wana pampu na viraka, ila vyuma vyao ni vya kung'oa tairi za malori. Beba vyuma vyako vidogo.

Hatua ya 8: Uani, kisha Kipushi

Siku mbili kabla ya safari, toa zana zote za nyumbani na uzifungie ndani. Baki na mfuko wa safari tu. Sasa, uani, fungua keria ya kushoto yote, itoe, irudishe. Toa gurudumu la nyuma. Badilisha fyuzi ya taa. Zana ukiikosa, umeijua Kampemba, siyo kwenye vumbi baada ya Likasi. Kazi hii ilinichukua asubuhi nzima mara ya kwanza, na nilikosa vitu viwili: kipande cha bomba cha kurefusha spana ya ekseli, na koleo.

Kesho yake pakia kila kitu, pamoja na maji na chakula, uende Kipushi na kurudi, kama kilomita 60 kwa jumla. Funga breki kwa nguvu mara kadhaa pasipo na watu nyuma. Pita kwenye mashimo usiyoyapenda. Achilia mkono mmoja usukani, usiachie wote, uhisi kama unatikisika. Ukirudi, zunguka pikipiki na tochi: mistari ya rangi ya kucha, alama mpya za kukwaruza, harufu ya plastiki iliyoungua upande wa ekzosi. Gusa rilei na fyuzi kwa kidole. Zikiwa za moto, waya wako ni mwembamba au kiungio kimelegea.

Kaza kilicholegea, piga mstari mpya wa rangi, na uondoke asubuhi mapema kabla malori hayajajaa barabarani. Ukifika Likasi, kilomita kama 120, agiza chai, na kabla haijapoa zunguka pikipiki mara moja tena. Keria yangu ya bomba, ile ya papa wa Katuba, huwa naitikisa kwa mkono hapo kila safari, kushoto kisha kulia, ndipo ninakaa.